Mshipa wa Mbwa wa Mwajabu

Watu wakiniuliza nani aliyeanza, nasema Benedict. Wengine wanamtaja Shaabani mchinjaji, wengine mwenyekiti, na wote hao nitawafikia, kila mtu atapata haki yake hapa. Lakini aliyeanza ni Benedict, bwana mifugo wetu, mtu wa bara, mpole, msomi, mwenye mdomo usio na breki. Maneno mengine mtu akiyasema huko kwao bara yanaishia kwenye kicheko. Huku kwetu yanaingia majumbani, yanakaribishwa, yanapewa na mkeka.

Aliyeumizwa ni wifi yangu Mwajabu, na mimi Tabu ndiye ninayesema, kwa sababu mwenyewe hasemi. Aliolewa na kaka yangu Ridhiwani akiwa msichana mdogo. Kaka alipofariki, ndugu zetu wengine walitazamia afunge mizigo arudi kwao Bungu. Hakufunga mzigo wowote. Alikaa eda, akatoka eda, akachukua jembe lake akashuka bondeni kulima mpunga. Mimi na yeye tumesutana maisha yetu yote, ndiyo uwifi ulivyo. Namwambia ana miguu ya korongo, ananiambia mimi sikuzaliwa na mdomo, nilizaliwa na cherehani. Ila mtu mwingine akimgusa, atanijua mimi ni nani.

Kijiji chetu kipo ndani kidogo ukitoka Chumbi. Jina silitaji, wenyewe wanajijua. Hapa kwetu hakuna harusi wala maulidi yaliyopikwa bila mkono wa Mwajabu. Yale masufuria makubwa, moto wa kuni, wageni wameshaanza kunawa, yeye amesimama na mwiko wake hacheki na mtu. Akisema tayari, ni tayari. Wali wake haushikani wala haukauki, na hata wanaomchukia walikuwa wanapeleka sahani mara ya pili. Alikuwa mtu wa watu kwa njia hiyo. Hakuwa na mengine mengi duniani: mwiko, shamba na mbwa.

Sasa huyo mbwa. Sisi ni Waislamu, mbwa hatumlazi ndani wala hatumbembelezi. Mate yake yakikugusa unajiosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini mpunga ukianza kuzaa bondeni, nguruwe pori wanatoka msituni kwa makundi, na asiye na mbwa atavuna majani. Kwa hiyo tunawafuga kwa mbali. Mbwa anafungwa shambani, anatupiwa ugali, anaitwa kwa mluzi, basi. Anayemshika mbwa kwa mikono yake kijiji kizima ni Mwajabu peke yake. Anamtoa kupe masikioni, anamsafisha macho, halafu anakwenda kujitoharisha bila haraka, anabadili nguo, anasali. Msimu wa kulinda mpunga analala dungu, kile kibanda cha juu ya miti, na mbwa analala chini yake. Watu walimsema sana kwa hilo, mjane mzima kukesha porini na mbwa. Ndipo akampa mbwa jina Hayawahusu. Ukipita karibu ukasikia anamwita kwa sauti ya juu, ujue kuna mtu anajibiwa.

Mwaka jana Hayawahusu aliugua. Alikonda mbavu zikahesabika, macho yakaingia ukungu, akawa anatembea kama mlevi. Benedict akasema hiyo ni ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na bila shaka ameupata kwa kukimbiza nguruwe hadi kwenye misitu ya kuelekea Ngarambe. Ikabidi atolewe damu ipimwe kwanza ndipo apewe dawa. Damu ya mbwa hutolewa shingoni. Kuna mshipa mnene kila upande wa koo, bwana mifugo anaubonyeza kwa chini na kidole gumba, unajaa, anachoma sindano, anavuta. Nimemwona Benedict akifanya hivyo kwa mbwa wengine, ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Siku hiyo haikuwa hivyo. Tulikuwa uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, na watu walikuwa wamejaa kutazama kama kawaida yao, maana hapa kwetu hata bomba likipasuka watu wanaleta viti. Mwajabu alimkumbatia mbwa kichwa, shingo ya kushoto ikawa upande wa Benedict. Benedict akabonyeza, hakuna kitu. Akapapasa, akalowesha manyoya kwa spiriti, akabonyeza tena, hakuna kitu. Akachoma kwa kubahatisha, sindano ikatoka kavu. Mbwa analia, Mwajabu anamtuliza, na watazamaji wameshakuwa madaktari wote, huyu anasema choma juu, huyu anasema choma chini. Jasho lilimtoka Benedict. Mwisho akaacha shingo, akatoa damu kwenye mguu wa mbele, na damu ikatoka vizuri tu. Kazi ikawa imekwisha. Angefunga mkoba wake akaenda zake, leo mimi nisingekuwa na la kusema.

Lakini alikuwa ameaibika, na mwanamume akiaibika mbele ya watu anatafuta cha kuchekesha. Alisimama, akajifuta uso, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mama, huyu mbwa wako hana mshipa shingoni. Una hakika ni mbwa?"

Watu walicheka. Mwajabu mwenyewe alitabasamu. Asiyecheka ni Shaabani.

Shaabani ndiye anayetuchinjia. Ng'ombe wa harusi, mbuzi wa akika, kuku wa mgonjwa, vyote vinapita kwenye kisu chake, kama vilivyopita kwenye kisu cha baba yake. Na mchinjaji anajua kitu kimoja kuliko vyote: koo, umio, na mishipa miwili ya shingo, mmoja huku na mmoja huku. Ukikata, lazima ihesabike. Kwake yeye hiyo si habari ya sindano, ni habari ya dini na ya uumbaji. Akasema pale pale kwamba ameshika shingo za wanyama tangu hajabalehe, na kiumbe chenye roho kisicho na mshipa wa shingo hajawahi kukiona. Akakung'uta kanzu yake akaondoka. Hakusema zaidi, wala hakuhitaji kusema zaidi, wapo wa kumalizia.

Na walimalizia. Dawa ilimsaidia mbwa, akapona, akarudi kazini. Msimu ule nguruwe walikuwa wengi kupita kiasi, wakaingia shamba hili na lile, wakafyeka. Shamba langu linapakana na la Mwajabu, nami walinipitia vilevile. La Mwajabu hawakuligusa. Sababu mimi naijua: yeye alilala bondeni kila siku na mbwa wake, sisi wengine tulilala majumbani tukaamka kwenda kutazama hasara. Lakini nani atakubali sababu ya namna hiyo, inayomwambia kwamba ni mvivu? Wakapata nyingine nzuri zaidi. Wakasema nguruwe wanamwogopa Hayawahusu kwa sababu si mbwa. Benedict mwenyewe si kauliza mbele ya watu? Na Shaabani si kasema? Mtu msomi na mtu wa dini wamekubaliana, wewe ni nani ubishe?

Kisha wakafika mbali zaidi, na hapa hasira inanishika mpaka leo. Wakasema mbwa yule ni Ridhiwani. Kaka yangu. Kwamba hakufa, kwamba mkewe kamchukua kamgeuza, anamlindisha mpunga. Kaka yangu aliyeugua nikimwona, aliyefia mikononi mwetu, jeneza lake Shaabani akalibeba begani kwake mwenyewe hadi makaburini. Watu waliomwaga mchanga kwenye kaburi lile ndio hao hao waliokuwa wakinong'ona visimani kwamba marehemu anabweka bondeni. Mtu ukiwatazama usoni wanakuamkia vizuri, wanakuuliza habari za nyumbani.

Baada ya hapo likaja neno la kunyolewa. Asiyekuwa wa huku nimweleze. Mtu akishukiwa uchawi, anaitwa mnyoaji kutoka ng'ambo ya mto. Anakukalisha mbele ya watu, anakunyoa kichwa kwa wembe, anakupaka dawa, wanasema uchawi umekutoka. Umetoka wapi na haukuwemo? Serikali imelikataza jambo hili, kila mtu anajua, na kila mtu anajua pia linafanyika. Ubaya wake si wembe. Ubaya ni kwamba ukishanyolewa umekubali. Nywele zitaota, jina halitoki. Chakula chako hakiliwi tena, watoto hawatumwi kwako, na mwiko wa harusi hutaushika mpaka unakwenda kaburini. Kwa mwanamke mwingine hilo la mwiko ni dogo. Kwa Mwajabu ndilo lilikuwa uhai wake kati ya watu.

Benedict alipopata habari alikuja kwangu, si kwa Mwajabu, maana kwa Mwajabu aliona aibu. Nilimtukana hadi nikaishiwa. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, nilipomaliza akasema kuna watu wa utafiti wa ndorobo wamefika Ikwiriri, na wana mashine ya ultrasaundi, ile ile wanayowatazamia wajawazito, ila yao ni ndogo ya mkononi na wanawatazamia wanyama. Kama mshipa upo, utaonekana. Akasema atatupeleka mwenyewe. Wenye bajaji hawakukubali kumpakia mbwa, ikabidi twende kwa toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, mimi, wifi yangu, Benedict na Hayawahusu, tukirushwa rushwa na makorongo kama viazi.

Daktari alikuwa mwanamke, Theopista jina lake, mtu wa makamo, wa Bukoba kwa lafudhi yake. Alimsalimu Mwajabu kwa heshima, akamsalimu na mbwa. Halafu akachukua mashine ya kinyozi, akamnyoa Hayawahusu shingo yote, kushoto na kulia, akabaki na ngozi tupu kuanzia taya hadi kifuani. Alitueleza kwamba hewa ikibaki kwenye manyoya mashine haioni kitu. Akampaka jeli, akaweka kile kidude shingoni, na kwenye kioo ikatokea picha ya kijivu kama dirisha lenye vumbi.

Alianza na upande wa kulia. Akatuonyesha duara jeusi karibu na ngozi, akasema huo ndio mshipa wenyewe, akaukandamiza kidogo ukabonyea, akauachia ukajaa. Ulikuwa mkubwa, hata mimi nisiyejua kitu niliuona. Pembeni yake kwa ndani kulikuwa na duara jingine lililokuwa linadunda na halibonyei, akasema huo ni ule unaotoka kwenye moyo, huo hauguswi. Kisha akaenda kushoto. Pale palipotakiwa kuwa na mshipa hapakuwa na kitu, nyama tupu. Mwajabu alinishika mkono akaubana. Daktari hakushtuka. Akakiinamisha kile kidude, akatafuta chini zaidi, na huko ndani, kando ya ule unaodunda, akaukuta mshipa mwingine, mnene kuliko unavyokuwa kwa mbwa wengi. Akaufuata juu mpaka chini ya taya, akatuonyesha tawi linalokatiza kwenda upande wa kulia.

"Hajakosa mshipa," alisema. "Damu yake ina njia nyingine, na amezaliwa hivyo."

Akasema huyu si mbwa wa kwanza wa namna hiyo kumwona. Wapo mbwa wenye upande mmoja mkubwa na mwingine mwembamba kama uzi, wapo ambao mishipa yao inakutana mahali usipopategemea, wapo wenye miwili upande mmoja, na wote wanabweka na kula na kuzaa. Hata watu tuko hivyo hivyo ndani, ila hatufunguani kutazamana. Akamgeukia Benedict, akamwambia siku nyingine akikosa kushoto ajaribu kulia kabla ya kujaribu maneno. Kumbe Benedict alishamsimulia kila kitu. Nilimpenda mama yule papo hapo.

Mwajabu aliitazama ile picha. Halafu akasema ni kama mto wetu, mwaka huu unapita hapa, mwaka ujao umehamia kule, na Rufiji ni Rufiji ileile. Daktari akasema ndivyo hasa. Benedict akaipiga picha kwa simu yake. Tulirudi tunacheka, mimi nikiwa naimba kabisa kwenye toyo, nikijua yamekwisha.

Tulishuka njia panda, tukaingia kijijini kwa miguu, Mwajabu mbele na mbwa wake. Na watu wakaona nini? Waliona mbwa aliyenyolewa.

Kwa nini sikulifikiria hilo, sijui. Hata Mwajabu hakulifikiria. Sisi tulikuwa tumeona mashine, jeli na kioo, kunyoa kule, kwetu sisi, kulikuwa ni kusafisha tu. Wao waliona shingo tupu ya ngozi, na hapa kwetu kiumbe kinanyolewa kwa sababu moja tu. Kabla hatujafika nyumbani ilishasemwa kwamba Mwajabu amekwenda kwa mnyoaji wa siri, amemnyoa mbwa ili yeye asinyolewe, na kwamba mtu asiye na hatia hakimbilii wembe. Ushahidi gani tena walioutaka? Tulikuwa tumeuleta wenyewe kwa kamba.

Baraza likaitwa Ijumaa baada ya sala. Mwenyekiti wetu ni Mzee Abdulatifu, mtu mzima, mwenye sauti ya upole, fundi wa kukalia viti viwili. Benedict aliitwa aseme. Alijitahidi, siwezi kumnyima hilo. Alisema lile neno lake lilikuwa mzaha na anaomba radhi, akaeleza njia za damu, akazungusha simu watu waione picha. Simu ilipita mkono kwa mkono. Wakaitazama picha ya kijivu wakaona kijivu. Shaabani akauliza swali moja tu: kama ni kupiga picha, kwa nini mbwa amenyolewa? Mtu hupigwa picha na nywele zake. Benedict akaanza habari ya hewa kwenye manyoya, na kadiri alivyoeleza ndivyo kicheko kilivyozidi. Siku ile alipotania walimwamini. Siku aliyosema kweli wakamwona anatania.

Nikasimama mimi. Nikawaambia mbwa ni mbwa na kaka yangu yuko kaburini, anayetaka akamwulize huko. Nikamwambia Shaabani kama jeneza alilobeba lilikuwa tupu, alipaswa kusema siku ile, bega lake lingemwambia. Nikawaambia wanaolala usingizi msimu wa nguruwe wasitafute mchawi, watafute kengele. Wakaniambia nikae, nimelishwa dawa na wifi yangu. Ndugu zangu wa tumbo moja walikuwepo, wakatazama vidole vya miguu yao.

Mwenyekiti akakohoa. Akasema serikali imekataza habari za kunyoana, na yeye ni mtu wa serikali, kwa hiyo hayumo. Kisha akasema lakini kama mama mwenyewe, kwa hiari yake, kwa ajili ya amani ya kijiji, ataona vema, basi yeye si wa kumzuia mtu na kichwa chake. Aliyasema kwa sauti ile ile ya upole, huku mnyoaji akiwa ameshakaa nyuma ya ofisi na mkoba wake. Ameitwa na nani, ukiuliza, hajulikani.

Watu wote wakamgeukia Mwajabu. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Nilijua angepigana. Huyu ndiye aliyewapa watu wote jibu kwa jina la mbwa. Alisimama, akawatazama mmoja mmoja, watu aliowapikia ndoa zao na khitma zao, akauliza:

"Nikinyolewa, mtalala?"

Kisha kutoka nyuma sauti moja ikasema ndiyo, na nyingine ikasema ndiyo, mwisho zikawa nyingi.

"Basi ninyoeni, mlale."

Akautoa ushungi kichwani, akaukunja, akanipa mimi niushike. Sitaeleza mnyoaji alivyofanya, hastahili kusimuliwa. Nasema tu kwamba nywele za wifi yangu zilikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyojua, na zilianguka kwenye vumbi la serikali ya kijiji mchana kweupe, na Mzee Abdulatifu alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Alivaa makubazi. Hayana kamba.

Kweli walilala. Mwajabu ndiye aliyekaa macho. Hakuna aliyemwita tena. Shaabani alimwoza binti yake Warda na wali ukapikwa na watu wengine, chini umeungua na juu maji, nikala sahani nzima kwa furaha nikamwomba Shaabani aniongeze. Mwajabu alikuwa nyumbani kwake siku hiyo, anasikia matwari ya harusi yakipigwa. Nilipompitia jioni aliniuliza jambo moja, kama mchele waliuloweka kwanza. Nikamwambia sijui. Akasema bila shaka hawakuuloweka, akaendelea kufua. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, maana yeye hakulia.

Sasa sikieni. Mvua zilipokatika, mbwa wa mwenyekiti aliugua. Dume kubwa, jekundu, linalomlindia mashamba yake ya bondeni, ndugu yake Hayawahusu wa tumbo moja. Wote walitoka kwa jike la Swalehe mwindaji, kila mtu kijijini anajua. Mbavu nje, macho ukungu, kutembea kilevi. Benedict akaitwa, watu wakajaa kama kawaida yao. Mbwa akawa mkali, hashikiki, na hakuna aliyekuwa tayari kumkumbatia, mwenyekiti mwenyewe akiwa amesimama mbali amekusanya kanzu. Ndipo akamtuma mtu kwa Mwajabu, ati aje amsaidie kushika.

Nilikuwa naye alipoletewa ujumbe. Nikamwambia ukienda mimi na wewe basi. Nikamwambia mbwa wake na afe, na mashamba yake yaliwe, na yeye ajifunze kubweka. Akaniambia mbwa hakuwepo barazani. Akajifunga kanga, akaenda. Nikamfuata nikimtukana njia nzima.

Alipofika, watu walimpisha njia pana, kama anayebeba moto. Alimwita mbwa kwa sauti ya chini, akamkaribia, akamkumbatia kichwa vile vile kama alivyomshika wa kwake. Benedict akapiga goti. Akabonyeza shingo ya kushoto kwa kidole gumba, akasubiri. Akabonyeza tena. Niliona uso wake unabadilika. Akainua macho akamtazama Mwajabu, na safari hii mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Mwenyekiti akauliza kuna nini. Benedict akasema taratibu kwamba ni kama ndugu yake, upande huu hauna.

Shaabani alikuwepo, nikamkazia macho, nikangoja aseme kile alichokisema kuhusu viumbe vyenye roho. Alikuwa anatazama mbali, kama mtu aliyeitwa na mgeni. Mzee Abdulatifu akaiweka sawa kofia yake.

"Ni kudura ya Mwenyezi Mungu," alisema. "Huumba atakavyo."

Na watu wakaitikia. Wale wale. Kweli, mwenyekiti, kudura. Mungu ana mengi. Mmoja hata akasema aliwahi kusikia kwamba wapo mbwa wa hivyo, ni kuzaliwa tu, akaeleza na habari ya damu kuwa na njia nyingine, neno kwa neno kama Benedict alivyoeleza barazani. Kumbe walisikia! Kumbe siku ile masikio yalikuwa yanafanya kazi! Kwenye shingo ya mbwa wa mjane ulikuwa uchawi, kwenye shingo ya mbwa wa mwenyekiti ikawa kudura, na mshipa ni ule ule usiokuwepo. Nilitaka kupiga kelele, nikamtazama wifi yangu.

Mwajabu hakuwa na habari na mimi. Alikigeuza kichwa cha mbwa upande wa pili, shingo ya kulia ikamwelekea Benedict, akamwonyesha kwa kidevu. Benedict akabonyeza, mshipa ukajaa, akachoma, damu ikaja. Sindano ikiwa bado imo, na mbwa bado yumo mikononi mwake, Mwajabu akainua uso. Ushungi ulikuwa umemtereza, nywele zikaonekana, fupi, nyeupe, zimeanza tu kufunika ngozi. Akauliza bila ukali wowote, kama anayeuliza siku ya shughuli ili ajue aje na nani:

"Mwenyekiti, na wewe unanyolewa lini?"

Mzee Abdulatifu alicheka. Alicheka peke yake, akasimama katikati ya kicheko. Mwajabu alisubiri jibu mpaka Benedict alipochomoa sindano, hakupewa, akamwachia mbwa akaondoka.

Yule mbwa alipona. Mfungo sita ulipofika, mwenyekiti alimtuma mtu kwa wifi yangu kumwambia mambo yamekwisha, watu wameshasahau, aje apike maulidi. Mwajabu akamwambia mjumbe atakuja kupika siku atakayojibiwa swali lake. Mjumbe akaenda, hakurudi, na maulidi yalipikwa uji wa mchele wakauita pilau. Kila Ijumaa mimi hupita barazani kwa mwenyekiti makusudi. Ni mkubwa kwangu, baba yangu angekuwa hai wangelingana, lakini shikamoo yangu haipati tena. Nasimama mbele ya wageni wake, nawasalimu wote kwa adabu, halafu yeye namwuliza: "Lini, mwenyekiti?"